Watu wa Miti: maisha ya Richard St. Barbe Baker, bwana misitu aliyeitetea miti ya asili

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ofisa kijana wa misitu wa serikali ya kikoloni nchini Kenya aliwaalika vijana wa Kikikuyu kwenye ngoma. Ngoma hiyo ilizaa chama chenye jina la Kiswahili ambacho baadaye kilienea katika mabara kadhaa, na kila mmoja wa wanachama wake wa kwanza aliapa kupanda miti kumi ya asili kwa mwaka.

Msafiri anayetoka Mpondwe na Bwera kuelekea Kasese hupita Kisinga na Kinyamaseke hadi Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta. Njia nzima huona mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, na akifika mjini huona nyua mpya zilizotandazwa nyasi za paspalamu, zimekatwa zikalingana kama zulia. Nyasi hizo huuzwa kwa vipande, humwagiliwa maji wakati wa kiangazi, na mwenye nyumba hujivunia kwamba ndani ya ua wake hakuna gugu hata moja. Si mbali na hapo, katika uwanda wa Kasenyi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, kuna nyasi ambazo hazikupandwa na mtu. Katika nyasi hizo kobu wa Uganda, swala yuleyule aliye kwenye nembo ya taifa, hukutana kwa maelfu. Madume huwania vipande vidogo vya ardhi, majike huja kuchagua, na simba huvizia pembeni.

Ukitazama kwa mbali, kote ni kijani. Ukiinama na kutazama kwa karibu utaona kwamba kwenye zulia la ua hakuna kipepeo, hakuna kiwavi, na ndege hana cha kumpelekea kinda. Swali la kijani kipi kina uhai ndani yake, na kipi kinapendeza macho tu, linaonekana kuwa la siku hizi. Bwana misitu tunayemsimulia leo lilimkuta mapema sana, na majibu yake, pamoja na makosa yake, yanaweza kumfaa msikilizaji wa Bwera au Kasese anayefikiria apande nini mbele ya nyumba yake.

Mtoto wa kitalu cha miche

Richard St. Barbe Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miche, kwa hiyo mtoto huyo alijua kuotesha mbegu kabla hajajua kusoma vizuri. Kisa alichopenda kukisimulia hadi uzeeni kilitokea alipokuwa mtoto mdogo, siku alipoachwa aingie peke yake katika msitu wa karibu na kwao. Alipotea njia katikati ya miti mirefu na ukungu, na badala ya kulia akajawa na furaha ambayo hakuweza kuieleza. Wasimulizi wa maisha yake hukichukulia kisa hicho kama chanzo cha kila kitu. Mimi ningekipokea kwa tahadhari kidogo, kwani mtu mzima akishajua alikofika huwa ni rahisi kwake kuona kwamba utotoni alikuwa tayari njiani. Lakini hakuna anayepinga kwamba alikulia mikononi mwa watu waliojua mche unahitaji nini.

Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi alikwenda Kanada, akasoma katika mji wa Saskatoon ambako chuo kikuu kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza. Huko aliona mambo mawili yasiyomtoka moyoni. La kwanza aliliona alipofanya kazi ya kukata magogo karibu na mji wa Prince Albert: miti iliyochukua miaka mingi kukua iliangushwa, sehemu yake ikabebwa, na nyingine nyingi ikaachwa ioze. La pili aliliona katika nyanda za nyasi, ambako walowezi walilima kila mahali wakafyeka vichaka vya asili, kisha upepo ukainua udongo na kuondoka nao. Mambo yote mawili yalimfundisha kwamba ardhi ikivuliwa vazi lake, atakayeona hasara kwanza ni mkulima mwenyewe.

Alirudi Uingereza akasomea theolojia huko Cambridge akikusudia kuwa mchungaji, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vikamchukua. Alipigana katika kikosi cha mizinga, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, na mwaka 1918 akaondolewa jeshini kwa sababu ya majeraha. Baada ya vita aliacha njia ya uchungaji akasomea misitu hukohuko Cambridge. Mwishoni mwa mwaka 1920 aliteuliwa kuwa ofisa msaidizi wa misitu nchini Kenya.

Nchi aliyoikuta

Mwaka huohuo wa 1920 Kenya ilitangazwa rasmi kuwa koloni la Uingereza. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imegawiwa walowezi, na Wakikuyu walikuwa wamebanwa katika maeneo ya hifadhi yaliyozidi kuwa madogo kwa idadi yao. Shamba lililokuwa likipumzishwa miaka mingi ili msitu urudi, sasa lililimwa kila msimu, kwa kuwa mwenyewe hakuwa tena na pengine pa kuhamia. Reli nayo ilikuwa ikila kuni. Kwa ajili ya injini zake, mikaratusi ya Australia ilikuwa imeletwa Kenya tangu mwaka 1902, na miwati ikafuata kwa ajili ya magome yake yanayotumika kusindika ngozi.

Miti hiyo ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna ofisa aliyeweza kuikataa: ilikua haraka. Miaka michache tu inatosha kupata nguzo. Mtarakwa na mzeituni wa porini, miti ya asili ya milima ile, humtaka mpandaji awe na subira ya kizazi kizima. Serikali yenye hesabu za kila mwaka huona vigumu kusubiri kiasi hicho, na mwenye kiwanja leo ana ugumu uleule.

Baker alikuta vilima vilivyokwisha kuwa vipara na vijito vinavyopungua. Idara yake ilikuwa na fedha kidogo. Aliwaendea wazee wa Kikikuyu akawaomba watu wapande miti, na jibu alilopewa lilikuwa kwamba kuotesha miti ni shauri la Mungu. Maofisa wengi wangelichukua jibu hilo kuwa uvivu au ushirikina. Likitazamwa kwa makini, lilikuwa jibu la watu wenye uzoefu: msitu ulikuwa ukirudi wenyewe kila shamba lilipoachwa, bila mtu kuupanda, kwa vizazi na vizazi. Kilichobadilika ni kwamba shamba halikuachwa tena, na hilo halikuwa kosa la wazee.

Mtu aliyemsaidia kulielewa jibu hilo alikuwa Josiah Njonjo, chifu kijana aliyejua lugha zote mbili na desturi zote mbili. Msikilizaji mwenye umri mkubwa huenda analikumbuka jina hilo kupitia kwa mwanawe, Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Katika vitabu vingi vya nje Njonjo mzee hutajwa kwa mstari mmoja au miwili tu, kama mkalimani au msaidizi. Mimi, ambaye riziki yangu hutokana na kufasiri maneno ya wengine, naona mstari mmoja haumtoshi. Bila mtu wa kumweleza bwana misitu kwamba Wakikuyu hufanya jambo kubwa kwa ngoma, na kwamba mugumo ni mti wa kusalia, hotuba zote za idara zingeangukia sikio la kufa.

Ngoma ya Miti

Baker aliona kwamba palikuwa na ngoma ya kupanda maharage na ngoma ya kuvuna. Akauliza ni kwa nini pasiwe na ngoma ya miti. Wazo likajadiliwa na wazee, likakubaliwa, na siku ikapangwa: tarehe 22 Julai 1922, karibu na kambi yake huko Muguga, kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Palitangazwa zawadi ya ng'ombe dume kwa kijana atakayependeza zaidi kwa mavazi ya ngoma, na mkufu wa shanga kwa msichana mzuri kupita wote.

Tarehe hiyo ina uzito ambao wasimulizi wengi huupita. Miezi minne tu kabla yake, mwezi Machi 1922, Harry Thuku alikamatwa jijini Nairobi kwa sababu ya kupinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa. Umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Katika hali kama hiyo, mkusanyiko wa maelfu ya vijana wa Kikikuyu wenye mikuki na ngao ulikuwa jambo la kumtia mtawala baridi. Na kwa upande wa vijana, kuitikia mwito wa mtu wa serikali hiyohiyo kulihitaji sababu nzuri.

Waliitikia. Kwa hesabu yake mwenyewe walifika wapiganaji wapatao 3,000. Walicheza, na baada ya ngoma wakaombwa wajitokeze watakaokubali kuwa walinzi wa miti. Kutoka miongoni mwao walichaguliwa hamsini wa kwanza. Waliapa mbele ya Ngai, Mungu wa Wakikuyu, kwamba wataulinda msitu wa asili, kwamba kila mmoja atapanda miti kumi ya asili kila mwaka, na kwamba watatunza miti popote ilipo. Waliitwa Watu wa Miti, kwa Kiswahili, na kauli mbiu yao ilikuwa neno la Kikikuyu Twahamwe, lenye maana ya kuvuta pamoja kama kitu kimoja.

Neno lililobeba mzigo katika kiapo kile lilikuwa asili. Ingekuwa rahisi kuwaapisha vijana wapande miti tu, na mikaratusi ingeshinda kabla ya mwaka kwisha. Badala yake vijana walikwenda kutafuta mbegu na miche msituni, wakaotesha vitaluni, na miche ya mtarakwa na mzeituni wa porini ikapandwa katikati ya mahindi na viazi vikuu, ili shamba likichoka msitu uwe tayari umeanza. Hivyo kile kilichokuwa kikifanyika chenyewe wakati ardhi ilipokuwa tele, sasa kilifanywa kwa mikono.

Kwa nini asili

Mugumo wa Muguga unaweza kutusaidia kueleza kwa nini neno hilo lilistahili kiapo. Mugumo ni wa jamii ya mikuyu, jamii yenye ndugu wengi katika Afrika Mashariki, kuanzia mwambao hadi miteremko ya Rwenzori. Kila aina ya mkuyu huchavushwa na nyigu mdogo sana, ambaye mara nyingi huhudumia aina hiyo peke yake. Nyigu huyo huingia ndani ya tunda bichi, hutaga mayai na kufa humo, na watoto wake hutoka wakiwa wamebeba chavua kwenda tunda jingine. Nyigu akikosekana, mkuyu hauzai mbegu. Mkuyu ukikosekana, nyigu hana pa kuzalia.

Kutokana na mapatano hayo ya siri, wengine wengi hupata kula. Mikuyu ya eneo moja huzaa kwa nyakati tofauti, hivyo hata katika miezi ambayo msitu hauna matunda mengine, hondohondo, popo, njiwa, nyani na sokwe hupata mlo. Wao nao husambaza mbegu. Mti wa kigeni uliopandwa mahali hapohapo unaweza kutoa kivuli kizuri na mbao nzuri, lakini wadudu wengi wa hapa hawakuzoeana nao na hawawezi kula majani yake. Panapokosekana viwavi, ndege wadogo hukosa chakula cha makinda, kwani hata chozi, anayejulikana kwa kunywa nekta, huwalisha wanawe wadudu. Kanuni hiyohiyo inahusu nyasi. Zulia la aina moja, linalokatwa kabla halijachanua, halitoi ua wala mbegu. Ni karamu iliyoandaliwa sahani tupu.

Katika miaka ya Baker, elimu ya mambo haya ilikuwa changa mno. Alichokuwa nacho ni macho ya mtu wa kitaluni, na masikio ya kuwasikiliza wazee walioukataza mugumo usikatwe. Mwiko huo ulifanya kazi ambayo sheria ya misitu haikuweza kuifanya: uliacha miti mikubwa ya matunda ikiwa imesimama katikati ya mashamba, na ndege wakapata pa kutua.

Pigo la begani

Utumishi wake nchini Kenya haukudumu. Siku moja ofisa mmoja wa serikali alikuwa akitaka kumpiga mfanyakazi Mwafrika, na Baker akajitia kati. Pigo likamwangukia yeye begani. Katika utawala wa wakati ule, kosa lililoonekana kubwa lilikuwa la yule aliyezuia, kwa maana alikuwa amemvunjia heshima Mzungu mwenzake mbele ya mtu mweusi. Mkasa huo ulimharibia kwa wakubwa wake.

Mwaka 1924 alikuwa amerudi Uingereza, akaanzisha huko tawi la Watu wa Miti kwa jina la Kiingereza. Mwaka huohuo alizungumza London, katika mkutano kuhusu dini mbalimbali, akaeleza imani ya Wakikuyu kwa heshima ambayo haikuwa ya kawaida. Hotuba hiyo ndiyo iliyomkutanisha na waumini wa dini ya Kibahai, naye akajiunga nao hadi mwisho wa uhai wake. Baadaye alipelekwa Nijeria, akafanya kazi katika misitu ya mivule na mikangazi ya kusini mwa nchi hiyo hadi mwaka 1929, ndipo akaachana kabisa na utumishi wa kikoloni.

Kuanzia hapo alikuwa mtu asiye na ofisi wala mshahara wa kudumu. Alikwenda Palestina akawakutanisha viongozi wa dini zinazozozana wapande miti pamoja. Alikwenda Marekani akashiriki kampeni ya kuiokoa miti mikubwa ya pwani ya California, ambayo mingine ilikuwa imesimama tangu kabla ya kuzaliwa Nabii Issa. Aliandika vitabu vingi, akahutubia popote alipoalikwa. Familia yake ililipia gharama ya maisha hayo: alioa mwaka 1946, akapata watoto wawili, na ndoa ikavunjika miaka michache baadaye. Mwaka 1959 alioa tena huko New Zealand. Mwaka 1963, akiwa amevuka miaka sabini, aliizunguka nchi hiyo akiwa amepanda farasi, akiingia shule moja baada ya nyingine kuwaeleza watoto habari za miti.

Kati ya mwaka 1952 na 1953 aliongoza safari ndefu ya magari kulivuka jangwa la Sahara na kuyakagua maeneo yanayolizunguka, na kutokana nayo akatoa mapendekezo ya kulipanda jangwa hilo miti. Wengi walimcheka. Miongo kadhaa baadaye, Umoja wa Afrika ulianzisha mpango wa Ukuta Mkubwa wa Kijani kusini mwa Sahara, na jina lake likaanza kutajwa tena.

Alipokosea

Hapa simulizi nyingi za Baker humgeuza mtakatifu, na hapa ndipo inafaa tusimame kidogo. Kwa kadiri miaka ilivyokwenda, mti ulimkaa akilini kama dawa ya kila ugonjwa. Ardhi yoyote isiyo na miti aliitazama kama mgonjwa. Kwa Muguga, ambako msitu ulikuwepo ukakatwa, alikuwa na haki. Lakini dunia ina ardhi ambazo hazikuwa na msitu tangu hapo, na hazina upungufu wowote.

Nyanda za Saskatoon alizoziona ujanani ni mojawapo. Mwaka 1979 mji huo uliupa jina lake msitu uliopandwa na manispaa mwaka 1972, kwa heshima na upendo. Mahali hapo panapendwa na wakazi. Hata hivyo, nchi ile kwa asili ni nchi ya nyasi, zenye mizizi mirefu kuliko urefu wa majani yake, na mimea yake ya asili ilikuwa mingi kabla mche wa kwanza haujapandwa.

Mfano wa kwetu ni Kasenyi. Kobu wanahitaji nyasi fupi na uwazi, ili dume aonekane na adui aonekane. Uwanda huo umedumishwa na wanyama wanaolisha, na moto, na mvua za kiasi chake. Mtu mwenye nia njema akija na lori la miche akajaza uwanda ule miti, hata kama ni miti ya asili ya Rwenzori, atakuwa amewafukuza kobu kwa jembe badala ya bunduki. Tayari vichaka vinavyosogea na mimea ya kigeni kama lantana ni tatizo katika hifadhi ile. Neno asili linauliza pia mahali: mzeituni wa porini ni wa asili kwenye kilima, na nyasi ndefu na fupi ni za asili kwenye uwanda.

Kwenye kingo za mto Nyamwamba hali ni tofauti tena. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliyoikumba Kilembe na mji wa Kasese yalikuwa na sababu nyingi, zikiwemo mvua kubwa na miteremko mikali, na hakuna mche utakaozuia mawe ya ukubwa wa nyumba yakishaanza kubingirika. Lakini kingo zilizolimwa hadi majini, au kupandwa paspalamu peke yake, hukatika mapema kuliko zile zenye matete, mianzi na miti yenye mizizi iliyofungamana. Baker wa mwaka 1922 angeuliza kwanza wazee wa mtoni ni kitu gani kilikuwa kinaota pale kabla ya mashamba. Baker wa mwaka 1952, nachelea, angeanza na ramani.

Mche wa mwisho

Heshima zilimfikia akiwa mzee. Chuo kikuu cha Saskatchewan kilimpa shahada ya udaktari wa heshima mwaka 1971, na mwaka 1978 alitunukiwa nishani na Malkia wa Uingereza. Aliendelea kusafiri. Alifika India kuwaunga mkono wanakijiji wa milima ya Himalaya waliokuwa wakikumbatia miti ili isikatwe, harakati iliyoongozwa kwa sehemu kubwa na wanawake waliohitaji kuni, malisho na maji.

Mwezi Juni 1982 alikuwa Saskatoon, mji aliofika akiwa kijana. Tarehe 5, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda mti, na huo ukawa wa mwisho. Alifariki tarehe 9 Juni akiwa na umri wa miaka 92, akazikwa hukohuko.

Tawi aliloanzisha Uingereza bado linaendelea kwa jina jipya na linafadhili upandaji wa miti katika Afrika Mashariki. Huko Muguga, mahali ngoma ilipochezwa, sasa pana makao makuu ya taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, pamoja na kituo chake cha mbegu. Mbegu za mikaratusi zinapatikana, kwa kuwa wanunuzi bado wanazitaka. Mbegu za miti ya asili zinapatikana pia, mtarakwa ukiwa miongoni mwake.